Kiu ya Injini na Kiu ya Jirani



Liko swali la sheria ambalo wengi wetu tungedhani halituhusu kamwe: kampuni ya reli ina haki gani juu ya maji ya chemchemi? Injini za mvuke zimekwisha kuwekwa katika majumba ya makumbusho, na magarimoshi yetu ya siku hizi huenda kwa mafuta ya dizeli. Hata hivyo, sisi tunashikilia kwamba swali hilo lingali hai. Majibu yaliyotolewa na mahakama zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati kampuni za reli zilipokuwa na nguvu za kutisha, ndiyo yaliyoweka misingi ya kuamua nani anywe kwanza pale mwenye mtambo mkubwa anapokutana na mwenye ndoo moja. Mwananchi asiyeyajua majibu hayo ataambiwa kwamba sheria haimlindi, naye atasadiki, hali sheria ilikwisha kumlinda tangu zamani.

Kiu isiyorudisha

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa maana kesi zote tutakazozieleza zinatokana na jinsi unavyofanya kazi. Kinu cha maji hutumia nguvu ya mkondo, kisha maji yakaendelea na safari yake hadi kwa jirani wa chini. Injini ya mvuke haifanyi hivyo. Maji humiminwa ndani yake, yakachemshwa, mvuke ukasukuma pistoni, kisha ukatoka kwa bomba la moshi na kupotea hewani. Safari inapoendelea tangi hukauka na lazima lijazwe tena. Ndiyo sababu stesheni za zamani zilikuwa na matangi makubwa ya maji yaliyoinuliwa juu ya nguzo kando ya njia. Maji yaliyochotwa katika kijito cha kijiji kimoja huishia angani juu ya kijiji kingine kilicho mbali. Kijito hakirudishiwi hata tone.

Sisi wa Kenya hatuhitaji kuhadithiwa habari ya kiu hiyo. Wajenzi wa Reli ya Uganda, ambao walianza kazi Mombasa mwaka 1896, walipopita nyika ya Taru walilazimika kuletewa maji kwa garimoshi. Reli ilipofika mwezi Mei 1899 mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, ilitua, ikajenga kambi na karakana, na kambi ile ndiyo leo mji wetu mkuu. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 mji huo ulivutiwa maji kwa bomba kutoka chemchemi za Kikuyu. Reli ile haikuwa ya kampuni ya watu binafsi; ilikuwa mali ya Serikali ya Uingereza, nayo ilitengewa ukanda wa ardhi wa maili moja kila upande wa njia. Ukanda huo ulitwaliwa kwa amri, si kwa mapatano na wenyeji waliokuwa wakinywesha mifugo yao humo. Mji wetu ulizaliwa kutokana na maji, na tangu siku ya kwanza mwenye reli ndiye aliyekuwa na kauli juu yake.

Maji yanayoonekana

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoletwa kwetu na ukoloni, ilisema kwamba maji yatiririkayo si mali ya mtu. Mwenye ardhi inayopakana na mto au kijito ana haki ya kuyatumia tu, na haki hiyo anaigawana na kila mwenye ardhi wa juu na wa chini yake.

Mwaka 1904 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa siku hizo mahakama ya mwisho ya rufani, liliamua shauri baina ya kampuni ya reli ya Londonderry and Lough Swilly, ya kaskazini mwa Ireland, na jirani yake aliyeitwa McCartney. Njia ya reli ilikivuka kijito mahali padogo. Kwa kuwa ilimiliki kipande hicho, kampuni ilidai kuwa ni jirani wa kijito kama majirani wengine wote. Ikatia bomba, ikayapeleka maji kwenye tangi lililokuwa mbali na kijito, na injini zake zikayanywa na kuyasambaza katika njia yote. McCartney, ambaye ardhi yake ilikuwa upande wa chini, alipinga.

Lord Macnaghten alieleza katika hukumu yake kwamba yako matumizi ya namna tatu. La kwanza ni matumizi ya kawaida ya mtu aishiye kando ya mto: kunywa, kupika, kufua na kunywesha mifugo. Huyo hawekewi mpaka. Hata maji yakimalizika mikononi mwake, hajamkosea mtu. La pili ni matumizi ya ziada, kama vile kuendesha kinu. Hayo yanaruhusiwa ikiwa yanahusiana na ardhi ile ile ya kando ya mto, ikiwa ni ya kiasi, na ikiwa maji yatarudishwa mtoni bila kupungua wala kubadilika sana. La tatu ni matumizi ya mambo yaliyo nje ya ardhi hiyo. Hayo mwenye ardhi hana haki nayo hata kidogo.

Kampuni ya reli ilikutwa katika fungu la tatu. Injini zilizokuwa zikikimbia maili nyingi kutoka kijitoni hazikuwa sehemu ya kile kipande cha ardhi kando ya maji. Kampuni ikashindwa. Tena sheria hiyo haimtaki jirani wa chini angoje mpaka shamba lake likauke ndipo alalamike. Kutwaa maji kwa matumizi ya nje ni kosa kwa lenyewe, maana likiachwa miaka mingi hugeuka kuwa haki ya mtwaaji.

Wala hukumu hiyo haikuwa ya kwanza ya namna yake. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufani ya jimbo la New York, huko Marekani, iliamua shauri la mwenye kinu aliyeitwa Garwood dhidi ya kampuni ya reli ya New York Central. Kampuni ilikuwa ikichota maji ya kijito cha Tonawanda kwa ajili ya injini zake hata nguvu ya kinu ikapungua. Kampuni ilijitetea kwamba nayo ni mwenye ardhi kando ya maji. Mahakama ikasema kwamba ujirani huo hauipi ruhusa ya kuyamaliza maji yanayomfaa mwenzake wa chini.

Na chemchemi je? Huenda mtu akasema kwamba sheria hiyo ni ya mito, na kwamba anayechota chemchemini, pale maji yanapochomoza ardhini, hajagusa mto wa mtu. Mahakama ilikwisha kulijibu hilo mwaka 1857 katika shauri la Dudden dhidi ya walezi wa maskini wa Clutton, nchini Uingereza. Walezi hao walikuwa wakiyatwaa maji chemchemini kabla hayajaingia katika mkondo uliokwenda hadi kwenye kinu cha Dudden. Mahakama ilishikilia kwamba chemchemi yenye mkondo ni mwanzo wa mkondo huo, na anayelikinga jicho la chemchemi ameukinga mto mzima. Wadaiwa katika shauri hilo walikuwa watunzaji wa maskini, watu wenye kazi njema. Hata hivyo wema wa kazi yao haukuwapa haki ya kutwaa cha jirani.

Maji yaliyofichika

Mpaka hapa sheria imesimama upande wa haki. Lakini iko njia ya pili, na wenye nguvu waliiona mapema.

Mwaka 1843, katika shauri la Acton dhidi ya Blundell, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba maji yanayopenya chini ya ardhi bila mkondo unaojulikana hayafuati kanuni ya mto. Mwenye ardhi anaweza kuyachimba na kuyatwaa apendavyo, hata kisima cha jirani kikikauka. Sababu iliyotolewa, na ambayo majaji wengine waliikariri baadaye, ni kwamba mwendo wa maji chini ya ardhi umefichika, haujulikani, na kwa hiyo sheria haiwezi kuupimia haki.

Kanuni hiyo ilivuka bahari. Katika mji wa Denison, jimbo la Texas, kampuni ya reli ya Houston and Texas Central ilichimba kisima mwaka 1901. Kilikuwa na upana wa futi 20 na kina cha futi 66, na kampuni ilivuta humo galoni 25,000 kila siku, yaani karibu lita 95,000, kwa ajili ya injini na karakana zake. Jirani yake, Bwana East, alikuwa na kisima cha nyumbani chenye upana wa futi 5 na kina cha futi 33. Kisima chake kikakauka. Akaenda mahakamani.

Mahakama ya rufani ya huko ilimhurumia na kuamuru alipwe fidia ya dola 206 na senti 25. Si fedha nyingi, lakini ilikuwa ni kukiri kwamba amekosewa. Kampuni haikukubali. Ikaenda hadi Mahakama Kuu ya Texas, na mwaka 1904 mahakama hiyo ikaifuta fidia. Ilisema kwamba kampuni ilichimba katika ardhi yake yenyewe, kwa shughuli yake halali, bila nia ya kumkomoa mtu wala kuyamwaga maji ovyo. Basi kukauka kwa kisima cha jirani ni hasara isiyo na mdaiwa.

Mwaka mmoja, hukumu mbili

Tunawaomba wasomaji wazilinganishe hukumu hizo mbili. Zote ni za mwaka 1904. Katika zote mbili mwenye nguvu ni kampuni ya reli, haja yake ni maji ya injini, na anayelalamika ni jirani. Ireland ilisema hapana na Texas ikasema ndiyo. Kilichozitenganisha ni jambo moja: huku maji yalionekana na kule hayakuonekana. Kampuni iliyotia bomba lake mchana kweupe katika kijito ilizuiwa. Kampuni iliyochimba kisima kina mara mbili ya kisima cha jirani na kumvutia maji yake chini kwa chini iliachiliwa.

Hapo ndipo sisi tunapotia neno letu. Chemchemi ni mahali ambapo maji yaliyofichika yanakuwa maji yanayoonekana. Ni maji yale yale. Yakikingwa juu, mlalamikaji ana haki. Yakivutwa kwa kisima kirefu hatua chache nyuma ya jicho la chemchemi, kwa kanuni ya Texas mlalamikaji hana lake. Sheria inayobadilika kwa sababu ya urefu wa kisima haipimi haki. Inapima uwezo wa mtu kununua mashine ya kuchimbia. Na ile sababu ya mwaka 1843 imekufa. Wataalamu wa maji wa siku hizi wanajua kupima mwendo wa maji chini ya ardhi. Kutojua kulikuwa udhuru wa majaji wa zamani, sisi hatunao.

Wala asidhani mtu kwamba hayo yalikwisha pamoja na injini za mvuke. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Texas ililetewa shauri la familia zilizolalamika kwamba visima vyao vilipungukiwa baada ya kampuni ya kufunga maji ya chemchemi katika chupa kuanza kuvuta karibu galoni 90,000 kwa siku karibu nao. Familia hizo ziliomba kanuni ya mwaka 1904 iondolewe. Mahakama ilikataa, ikasema kazi ya kuibadilisha kwanza ni ya bunge. Kwa hiyo hukumu iliyotolewa kwa ajili ya reli ilikuja kuwanufaisha wauza maji ya chupa miaka 95 baadaye.

Jibu kwa watakaotupinga

Tunawasikia watakaosema: reli ni maendeleo, hubeba mazao ya wengi, je, McCartney mmoja aisimamishe? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Nchi bila reli, bila viwanda, bila mashamba ya umwagiliaji haiendelei.

Lakini tazameni hukumu za 1881 na 1904 zilivyosema hasa. Hazikusema kwamba reli isipate maji. Zilisema kwamba isijifanye jirani wa kawaida, ikatwaa bure kwa mlango wa nyuma. Ikiwa umma unayahitaji maji ya mtu kwa kazi ya umma, iko njia iliyo wazi: kampuni na iende kwa bunge, ipewe idhini kwa sheria, na waliopunjwa walipwe fidia ya haki. Maendeleo yanayowezekana tu iwapo jirani hatalipwa ni maendeleo yanayotozwa mfukoni mwa maskini. Kama faida ya reli ni ya wote, kwa nini gharama yake ibebwe na mwenye kisima kimoja?

Na kwetu Kenya

Sheria ya mapokeo ya Kiingereza iliingizwa katika nchi yetu kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 iliibakiza, kwa sharti kwamba itumike kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Tunalipenda sharti hilo. Linatupa ruhusa ya kuuliza kama kanuni ya maji yaliyofichika inafaa katika nchi ambamo mama huamka alfajiri kwenda kisimani.

Jibu tumekwisha kulipata kwa sehemu kubwa, nalo halikushuka kwetu kama mvua, lilipiganiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba kila chanzo cha maji kimewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa kama amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Anayetaka kuvuta maji kwa mitambo lazima apate kibali. Anayechota bila mitambo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Na matumizi ya nyumbani yametangulizwa mbele ya matumizi mengine yoyote.

Someni maneno hayo pamoja na yale ya Lord Macnaghten, nanyi mtaona undugu wake: kiu ya mtu kwanza, mtambo baadaye. Tena sheria yetu imekwenda mbele zaidi, kwa kuwa ulinzi huo si wa mwenye shamba kando ya mto peke yake. Chini ya sheria ya mapokeo, asiye na ardhi kando ya maji hakuwa na neno. Chini ya Katiba yetu, hata mpangaji wa chumba kimoja ana neno.

Basi, tukisema kwamba karatasi iko upande wetu, kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni amana. Mwenye kushika amana anaweza kuitunza au kuiuza. Kibali kinachotolewa ofisini, mbali na macho ya watu wa kijiji, ni sawa na kile kisima cha Denison: maji yanaondoka chini kwa chini, na siku kijito kinapokauka hakuna anayejua ni nani wa kuulizwa. Zamani maji yalifichwa na ardhi. Leo yanaweza kufichwa na faili.

Kwa hiyo tunasema mambo manne, na tunawaomba wasomaji wayapeleke katika mikutano yao, katika jumuiya zao ndogo ndogo na katika mabaraza ya vijiji.

La kwanza, kila chemchemi iandikwe. Watu wa mahali na wakae na wazee, waziorodheshe chemchemi zao, wazitaje kwa majina, waeleze zinakotiririkia na ni nani wanaozitumia. Mlalamikaji asiye na kumbukumbu huanza shauri akiwa nyuma.

La pili, maombi ya vibali yasipite kimya. Sheria yenyewe inataka umma ushirikishwe kabla kibali hakijatolewa. Tusingoje mwaliko; tukaulize katika ofisi za Mamlaka ya Rasilimali za Maji ni nani ameomba, kiasi gani, na kwa kazi gani. Pasipo jibu, tuandike barua. Barua isipojibiwa, Baraza la Kuamua Mashauri ya Maji lipo kwa kazi hiyo.

La tatu, visima virefu vilivyo karibu na chemchemi vihesabiwe kuwa vimegusa chemchemi, mpaka mwenye kuchimba athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya mwenye mashine, wala usiwe juu ya mwenye ndoo.

La nne, vyama vya watumiaji maji visiachwe mikononi mwa watu wachache wenye mashamba makubwa. Tuingie, tulipe ada, tupige kura, tusome hesabu. Haki isiyo na wa kuisimamia huchukuliwa na aliye karibu nayo.

Bwana East wa Denison hakushindwa kwa sababu alidanganya wala kwa sababu alikuwa mvivu. Alishindwa kwa sababu sheria ya mahali pake ilikataa kutazama chini ya ardhi. Sisi sheria yetu imefumbuliwa macho. Tukiacha chemchemi zetu zikauke huku tumeshika Katiba mkononi, watoto wetu hawatawalaumu majaji wa Texas. Watatuuliza sisi tulikuwa wapi kibali kilipokuwa kikitiwa muhuri.